Köln kwa siku moja: nimpeleke mama kwenye sanaa ya kisasa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Bonn. Mwezi Julai mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga, na nimepanga siku moja ya kumtembeza Köln. Kila ninayemuuliza ananiambia nimwoneshe kanisa kuu, halafu tuingie Museum Ludwig, jumba la sanaa ya kisasa lililo hapo hapo nyuma ya kanisa. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ni Mwislamu mshika dini, na maisha yake yote amekuwa fundi cherehani. Nikimwonesha picha za kisasa kwenye simu anasema ni mzaha. Kusema kweli na mimi sizielewi. Je, nimpeleke? Tuangalie nini? Na hizo picha za utupu nitafanyaje mbele ya mama yangu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mfikishie mama salamu zangu.

Mpeleke. Ila usifuate mpangilio unaoambiwa na kila mtu, wa kanisa asubuhi na jumba la sanaa mchana miguu ikiwa imeshachoka. Geuza. Jumba hufunguliwa saa nne asubuhi, Jumanne hadi Jumapili; Jumatatu hufungwa. Ingieni saa nne ileile, magoti yakiwa bado na nguvu, mtoke kwenye saa sita. Kanisa liachieni mchana kwa sababu ya dirisha moja ambalo nitalieleza mbele. Liko upande wa kusini, na kwa saa za Ujerumani za majira ya joto jua la Köln halisimami kusini mpaka saa saba na nusu mchana. Asubuhi rangi za dirisha hilo zimelala, na wengi wanaolipiga picha saa tatu wanaondoka wakishangaa sifa zake zimetoka wapi.

Kabla hata hamjashuka kwenye treni, mweleze mama jambo moja, kwa sababu bila hilo jumba la Ludwig litaonekana kama kitu kilichodondoshwa mahali pasipo pake. Huo mji mkongwe atakaouona si mkongwe kama unavyojionesha. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1248. Katika karne ya 16 kazi ikasimama, na mnara wa kusini ukabaki kigutu na winchi ya mbao juu yake kwa miaka mia tatu na zaidi, mpaka watu wakaizoea kama sehemu ya sura ya mji. Ujenzi ulirudiwa mwaka 1842 na kumalizika 1880. Minara ile miwili ya mita 157 ambayo kila mgeni huitazama na kusema "kale hawa watu walikuwa mafundi" ilikamilishwa miaka michache tu kabla ya Wajerumani hao kufika Tanga kama watawala, na paa la kanisa limebebwa na chuma cha viwandani. Zile nyumba nyembamba za rangi kando ya mto Rhine nazo nyingi zilijengwa upya baada ya vita. Kati ya mwaka 1940 na 1945 ndege za Waingereza na Wamarekani zilishambulia Köln mara kwa mara; usiku mmoja tu, wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942, zilitumwa ndege zipatazo elfu moja. Vita vilipokwisha, katikati ya mji sehemu kubwa sana ilikuwa kifusi. Kanisa lilipigwa mabomu lakini likabaki limesimama, vioo vya madirisha vikiwa vimepasuka.

Kwa hiyo mnakwenda kuona mji uliovunjika na kuungwa, na jumba la sanaa lililojaa kazi za watu walioishi kabla ya kuvunjika, wakati wa kuvunjika na baadaye. Mimi huona jumba lile ndilo linalosema ukweli kuhusu mji, na zile nyumba za rangi kando ya mto ndizo zinazojipamba. Wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Sasa jengo lenyewe. Lilifunguliwa mwaka 1986, limechorwa na Peter Busmann na Godfrid Haberer, na mapaa yake ya madini ya kijivu yamekatwa mawimbimawimbi ili yashike mwanga wa kaskazini, ule usiounguza rangi za picha. Chini yake kuna ukumbi wa muziki, Philharmonie, na juu ya ukumbi huo kuna uwanja wa wazi unaoitwa Heinrich-Böll-Platz. Hapo kuna kichekesho ambacho mama atakifurahia. Sauti za nyayo hupenya hadi ukumbini, basi wakati wa mazoezi na maonesho walinzi husimama pale kuwazungusha wapita njia, hasa wenye masanduku ya magurudumu. Wamejenga ukumbi wa kifahari, wakasahau kwamba watu wana miguu. Mkimkuta mlinzi anawaashiria mzunguke, msidhani ni kwa ajili ya rangi yenu. Anafukuza kila mtu.

Magoti: ndani kuna ngazi kubwa pana inayovutia macho. Msiipande. Ulizeni lifti mara tu mkishakata tiketi, na ulizeni pia kama kuna kiti cha magurudumu au cha kukunja cha kuazima. Wazee wetu huona aibu kukaa kwenye kiti cha magurudumu kama hawajalazwa hospitali; wewe ni muuguzi, unajua namna ya kulisema hilo. Mikoba mikubwa na mabegi ya mgongoni huachwa kwenye makabati, kwa hiyo mama abebe kimkoba kidogo tu chenye dawa zake na miwani. Miwani ya kusomea, nakukumbusha, kwa sababu ya picha moja nitakayoitaja.

Kuhusu "ni mzaha". Sitakuambia mama amekosea. Kuna vyumba katika majumba ya sanaa ya kisasa, pamoja na hilo, ambavyo mimi hupita bila kusimama. Lakini swali ambalo wageni wengi huingia nalo, "hii maana yake nini?", ndilo linalowachosha, kwa sababu humgeuza mtazamaji kuwa mtahiniwa. Mama yako ana swali bora kuliko hilo, na amelitumia maisha yake yote: hii imetengenezwaje? Fundi cherehani akipewa gauni haanzi na maana, anageuza ndani atazame mishono. Mpe ruhusa ya kufanya hivyo. Msiguse tu. Chagueni kazi sita, saba zikizidi, mkae mbele ya kila moja kwa muda, zilizobaki zipiteni bila kuona haya. Jumba lina mamia ya kazi na hakuna anayezikagua zote akabaki na akili zake.

Kazi huhamishwa, nyingine huazimwa na majumba mengine, kwa hiyo hizi ninazokutajia ziandike kwenye karatasi na umwoneshe mtu wa kaunta akwambie zipi zinaoneshwa siku hiyo na ziko ghorofa gani.

Ya kwanza ni kwa ajili yako wewe. Otto Dix alimchora Daktari Hans Koch mwaka 1921. Koch alikuwa daktari wa ngozi na njia ya mkojo mjini Düsseldorf, na Dix amemweka katikati ya vyombo vyake vya kazi, bomba la sindano mkononi, uso wa mtu ambaye usingependa akuchome. Wewe utavitambua vile vyombo kabla ya mtaalamu yeyote wa sanaa. Msimulie mama na yaliyofuata, maana ni umbea mtupu na ni wa kweli: mke wa daktari, Martha, aliondoka na mchoraji wakaoana, na daktari naye akamwoa dada yake Martha. Picha imebaki kama ushahidi wa jinsi Dix alivyomtazama mwenzake kabla mambo hayajaharibika, au labda yalikuwa yameshaanza kuharibika. Mwachie mama aamue kwa kumtazama machoni.

Picha hiyo imetoka katika mkusanyiko wa Josef Haubrich, na hapa naomba msimame zaidi, kwa sababu habari ya mtu huyu ndiyo inayofungua nusu ya jumba. Haubrich alikuwa wakili wa Köln aliyenunua kazi za wachoraji wa Kijerumani wa zama zake: Dix, Kirchner, Heckel, Nolde na wengine. Manazi walipotawala waliziita kazi za namna hiyo sanaa iliyooza. Mwaka 1937 waliziondoa kwa maelfu kwenye majumba ya umma, wakafanya maonesho Munich ili watu waje wazicheke, nyingine wakaziuza nje na nyingine wakaziharibu. Haubrich aliendelea kununua na kuhifadhi. Mkewe, daktari Myahudi, alijiua mwaka 1944 alipokuwa akiandamwa na Gestapo, polisi wa siri wa Manazi. Mwezi Mei 1946, mji ukiwa kifusi na watu wakihangaikia mkate na makaa ya mawe, wakili huyo aliukabidhi mkusanyiko wake kwa mji wa Köln, na mwaka huohuo ukaoneshwa hadharani.

Ukishajua hayo, zile nyuso za kijani na miili yenye pembe za Kirchner hutazitazama tena kama za mtu asiyejua kuchora. Alijua. Alichora hivyo kwa makusudi, na kulikuwa na serikali iliyoona makusudi hayo ni hatari kiasi cha kuchoma. Mama anaweza bado kusema hazipendi, ni haki yake. Ila neno mzaha litamshinda kulitamka.

Jina la jumba limetoka kwa watu wengine, Peter na Irene Ludwig wa Aachen, tajiri wa viwanda vya chokoleti na mkewe. Peter aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya mchoraji Picasso, kwa hiyo hakuwa tajiri wa kununua kwa masikio. Mwaka 1976 waliupa mji kazi 350 kwa sharti la kujengewa jumba, na baadaye wakaongeza kazi za Picasso kwa mamia, kiasi kwamba Köln sasa inatajwa ya tatu kwa Picasso baada ya Paris na Barcelona. Kwa mama nisingeanza na Picasso. Ni wengi mno, wanachosha, na ndio wanaofanya watu waseme "hata mjukuu wangu anaweza". Chagueni chumba kimoja chenye vyungu na sahani zake kama vimetolewa, maana udongo unaonesha mkono wa mtu upesi kuliko rangi.

Sehemu ya Wamarekani ndiyo itakayomfaa fundi. Tafuteni maboksi ya Brillo ya Andy Warhol ya mwaka 1964. Kwa mbali ni katoni za bidhaa ya kusugulia sufuria zilizopangwa kama stoo ya duka. Mkikaribia mnaona ni mbao nyembamba zilizopigwa rangi na kuchapwa maandishi kwa wavu wa hariri, rangi moja baada ya nyingine. Mama amekata kanga maisha yake yote, na kanga nayo huchapwa hivyo, rangi kwa rangi, na akitazama kwa makini ataona pale ambapo rangi mbili hazikukutana sawasawa, kama kwenye kanga ya bei rahisi. Warhol aliyaacha makosa hayo. Mwulize mama kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuyafuta ayaache. Mimi nina jibu langu, lakini la fundi litakuwa bora.

Karibu na hapo mnaweza kumkuta msichana wa Roy Lichtenstein wa mwaka 1965, mwenye nywele za njano na glavu nyeupe, anayejiuliza kama mwanamume anayemsubiri labda ameugua. Imejaa vitone, kama picha ya gazeti iliyokuzwa. Atacheka. Mwache acheke, imechorwa ichekwe, na wengi hawathubutu kucheka kwenye jumba la sanaa kwa kuogopa walinzi.

Kazi ninayowasihi msiikose, kama iko wazi siku hiyo, ni ya Edward Kienholz ya mwaka 1968, kumbukumbu ya vita inayohamishika. Ni vitu vya ukubwa halisi: askari wasio na nyuso wanaosimika bendera kwenye meza ya bustani, pipa la taka linaloimba wimbo wa kizalendo, mashine ya soda, na ubao mkubwa mweusi ulioandikwa kwa chaki mamia ya majina ya nchi zilizowahi kuwepo na sasa hazipo. Hapo ndipo miwani ya kusomea inapohitajika. Mama aliyekuwa mtoto mwaka 1964 anajua kwamba nchi inaweza kulala na jina moja ikaamka na jina jingine. Mpeni kiti mbele ya ubao huo na msiharakishe.

Kwa wale Warusi wa mwanzo wa karne ya 20, nenda na kazi moja tu ya Kazimir Malevich yenye maumbo yanayoelea. Hapo mtasema kweli mtoto angeweza. Angeweza kuchora mistari na pembetatu. Swali ni nani alithubutu mwaka 1916 kuondoa mtu, mti, nyumba na Mungu kwenye picha na bado akaiita picha. Pembeni nakupa habari ninayoipenda kuhusu jumba hili: mwaka 2020 lilifanya maonesho ya kazi zake lenyewe za Warusi hao, zile halisi zikitundikwa pamoja na zile zilizogundulika kuwa za kughushi baada ya kuchunguzwa rangi na vitambaa vyake kimaabara. Majumba mengi yangezificha za bandia stoo na kunyamaza.

Sasa utupu. Upo, siwezi kukudanganya. Kirchner ana wanawake vifua wazi, Picasso ndiyo usiseme, Wamarekani wana wa rangi za matangazo ya biashara, na Gerhard Richter ana picha maarufu ya mwaka 1966 ya mkewe Ema akishuka ngazi bila nguo, mjamzito, iliyofifishwa kama picha ya kamera iliyotikisika. Unaloweza kufanya ni hili: tangulia wewe hatua chache mlangoni mwa kila chumba, tupa jicho, halafu umwambie mama waziwazi, "Humu kuna picha za utupu, tuingie au tupite?" Usimzibe wala usimshtukize. Mwanamke aliyepima miili ya watu kwa futi maisha yake yote hatazimia kwa kuona mgongo wa mtu. Kinachowaudhi wazee wetu ni kuingizwa mahali bila kuulizwa, hasa wakiwa na mtoto wao pembeni.

Kuna moja ambayo ningependa uijue kwa sababu nyingine. Max Ernst, aliyezaliwa Brühl, njiani tu kati ya Bonn na Köln, alichora mwaka 1926 Bikira Maria akimchapa mtoto Yesu makofi ya matakoni mbele ya mashahidi watatu wanaochungulia dirishani. Taji la nuru la mtoto limeanguka sakafuni. Kwa Mwislamu huyo ni Bi Maryam na Nabii Isa, wote wa kuheshimiwa, na inaweza kumkwaza mama kuliko utupu wote wa jengo zima. Mimi naiona kuwa picha kubwa, yenye akili na kejeli ya mtoto aliyelelewa Kikatoliki. Kwa mama yangu mwenyewe nisingeisimamia.

Mkitoka, kuleni. Kaskazini ya kituo cha treni, mwendo mfupi, kuna mtaa wa Weidengasse wenye mikahawa ya Kituruki na nyama za halali. Teksi kwa ajili ya magoti kama ni lazima. Halafu rudini kanisani kwenye saa saba na robo. Mkifika hakikisheni hakuna misa, maana wakati wa ibada watalii hawaruhusiwi kuzungukazunguka. Ngazi 533 za mnara wa kusini msizitazame hata kwa bahati mbaya. Nyuma ya madhabahu kuna kasha la dhahabu linalosemekana kuwa na mabaki ya Mamajusi watatu, lililovuta mahujaji tangu karne ya 12 na ndilo lililowafanya waamue kujenga kanisa kubwa namna hiyo. Litazameni, halafu geukeni upande wa kusini na muinue macho.

Dirisha lile lilivunjwa na vita na kwa miaka mingi likawa na vioo vyepesi tu. Wakuu wa kanisa walitaka sura za wafia dini wa karne ya 20, wakampa kazi Gerhard Richter, yuleyule wa Ema, aliyehamia Köln miaka ya 1980. Alijaribu sura akaona haziendi. Akarudi kwenye wazo lake la mwaka 1974, picha ya miraba 4,096 ya rangi. Akachagua rangi 72 zinazooana na za madirisha ya zamani ya kanisa hilo, vioo vikakatwa miraba ya chini ya sentimita kumi, zaidi ya elfu kumi na moja, na mpangilio akauachia kompyuta iupange kwa bahati nasibu, sehemu moja ikirudia nyingine kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hakudai malipo. Lilizinduliwa Agosti 2007, likiwa na ukubwa wa mita za mraba 113, na halina mtakatifu, malaika, msalaba wala neno.

Askofu Mkuu wa Köln wakati huo, Kardinali Joachim Meisner, hakulipenda. Alisema lingefaa zaidi msikitini au katika nyumba nyingine ya ibada. Alikusudia kulikosoa. Ningetoa nauli yangu kuwapo pale mama yako akitafsiriwa maneno hayo, kwa sababu yeye ametoka pwani ambako nyumba ya ibada hupambwa kwa miraba, nyota na mizunguko, bila sura ya kiumbe hata mmoja. Katika jengo zima, pengine katika siku nzima, hicho ndicho kitu ambacho hutahitaji kumweleza. Jua likiwa wazi rangi humwagika sakafuni na juu ya nguo za watu, na baibui lake jeusi litashika rangi vizuri kuliko makoti ya Wajerumani.

Na angalia saa. Jua linapopinduka kusini ndipo dirisha linapokuwa katika ubora wake, na ndipo Adhuhuri inapoingia. Hapo kanisani hamwezi kusali, lakini Alasiri ya Julai huku huchelewa, hukaribia saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mna nafasi. Nendeni Ehrenfeld kwa treni ya mjini kwenye Msikiti Mkuu wa Köln, uliozinduliwa rasmi mwaka 2018. Ulichorwa na Paul Böhm, wa ukoo wa wasanifu majengo waliojijengea jina kwa makanisa: babu yake Dominikus na baba yake Gottfried wote walijenga makanisa, na Gottfried alipata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, mwaka 1986. Kuba lake limepasuliwa vipande vya zege kama ganda la matunda, na katikati ya vipande kuna vioo, ili mtu wa barabarani aone ndani. Mama atasali, atapumzisha magoti kwenye zulia, na atakuwa amekaa ndani ya kazi ya sanaa ya kisasa bila mtu kumwambia.

Akiuliza "na vitu vyetu wamevificha wapi?", maana wazee huuliza, mwambie viko Rautenstrauch-Joest-Museum pale Neumarkt, jumba la tamaduni za dunia. Mwezi Desemba 2022 mji wa Köln ulikabidhi Nigeria umiliki wa kazi 92 za ufalme wa kale wa Benin zilizokuwa humo. Lakini hiyo ni siku nyingine, msiichanganye na hii.

Tiketi: bei hubadilika kutegemea maonesho maalumu, itazame kwenye tovuti ya jumba usiku wa kuamkia safari, na ukiona kuna maonesho maalumu yenye foleni, nunua mtandaoni. Alhamisi ya kwanza ya mwezi hufunga saa nne usiku na jioni kiingilio hupungua, lakini kwa mama na treni ya kurudi Bonn sikushauri. Chagueni Jumatano. Na kama asubuhi hiyo mvua inanyesha, jumba endeni vilevile, ila dirisha la Richter liahirisheni mpaka siku ya jua. Kutoka Bonn ni kama nusu saa tu kwa treni, na kanisa liko mlangoni mwa kituo.